Mgeni, Kitanda na Jembe

Mhadhara kwa umma uliotolewa Arusha



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uhamiaji na kazi. Nimekuja na habari za mtu mmoja. Jina lake sitalitaja, kwa maana ni mali yake, na haya nitakayoyasimulia nimeyaombea ruhusa kwake. Nitamwita Fundi, kama ninavyomwita hata leo tukiongea kwa simu. Ni fundi lipu, Mpolandi, mtu wa makamo. Majira ya baridi ya mwaka 2014 kuingia 2015 alilala katika kumbi za makanisa ya London, juu ya godoro ambalo mara nyingine nililitandika mimi.

Nimekuja pia na methali ambayo hakuna humu ndani asiyeijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka mingi niliichukua kuwa methali ya kumsuta mgeni mvivu, anayekula na kulala mpaka mwenyeji akachoka. Aliyenifungua macho nikaisoma upya ni mtu asiyejua Kiswahili. Naomba tuitembeze methali hii jioni nzima, kutoka London hadi Tengeru, tuone inatudai nini.

Ukumbini

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Mtaani nilikopanga palikuwa na makanisa saba yaliyogawana wiki. Jumatatu watu walilala katika ukumbi wa kanisa hili, Jumanne la pili, mpaka Jumapili, kisha mzunguko ukaanza tena. Utaratibu huo ulikuwako wakati ule katika mitaa mingi ya London, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Kila aliyelala alipewa karatasi ya kumwelekeza kumbi zote saba. Saa moja jioni mlango ulifunguliwa. Saa mbili asubuhi ilibidi kila mtu awe ametoka na mzigo wake, inyeshe isinyeshe. Katikati ya saa hizo kulikuwa na chakula cha moto, chai, magodoro kumi na tano sakafuni, na watu wa kujitolea. Mimi nilikuwa mmoja wao, kila Alhamisi.

Kitu cha kwanza kilichonigusa kilikuwa neno. Katika kumbi zile hawasemi "wasio na makazi". Wanasema "wageni". Orodha ya mlangoni ni orodha ya wageni, na mwenye kuipokea zamu anaulizwa, wageni wangapi leo? Nililelewa na bibi aliyekuwa hapiki chakula cha kutosha watu wa nyumbani peke yao, maana huwezi kujua nani atapiga hodi. Nilifurahi kulikuta neno letu mahali pale.

Zamu yangu ya kwanza nilipewa birika la chai. Fundi alikuwa wa tatu au wa nne kwenye foleni. Ndevu alikuwa amezinyoa, viatu vimepigwa brashi. Nikamuuliza sukari vijiko vingapi, akasema vitatu, nikamkabidhi kikombe pamoja na tabasamu la mtu anayejua kwamba anatenda wema. Naomba mlikumbuke tabasamu hilo. Nitalirudia.

Alipomaliza kula alikusanya sahani za meza nzima, akazipeleka jikoni, akakunja mikono ya shati. Mama mmoja wa kanisa, mtu mwenye moyo mzuri kabisa, akamzuia: la, wewe ni mgeni, kapumzike. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Alhamisi ya tatu hakuinuka. Alikaa na viganja vyake juu ya meza, akivitazama kama zana alizopewa azitunze na hana pa kuzitumia.

Nilikuja kuzihesabu baadaye sana. Ilikuwa siku yake ya tatu kwetu.

Jinsi fundi anavyokosa kitanda

Watu huniuliza: mtu mwenye ufundi, katika mji unaojengwa usiku na mchana, anakosaje pa kulala? Swali ni halali, na jibu lake lina tarehe.

Tarehe 1 Mei 2004 nchi kumi ziliingia katika Umoja wa Ulaya, Poland ikiwa kubwa kuliko zote kati yao. Nchi nyingi za zamani za Umoja zilifunga soko lao la ajira kwa muda dhidi ya wafanyakazi wa Ulaya ya Mashariki. Uingereza, Ireland na Sweden ziliwafungulia mara moja. Makadirio yaliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza yalisema wangekuja watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Walikuja mara nyingi zaidi ya hapo, kwa sababu kazi zilikuwapo na waliitwa.

Fundi alifika mwaka 2006, kwa basi, akashuka kituo cha Victoria siku ya Jumapili. Mkobani alikuwa na mwiko, pimamaji na ovaroli. Jumatatu alfajiri alikuwa tayari yuko juu ya jukwaa la ujenzi akipiga lipu. Hakuna aliyemkaribisha siku mbili. Alipewa jembe siku ya kwanza.

Kwenye karatasi hakuwa mwajiriwa wa mtu. Kama ilivyo kwa wengi katika ujenzi wa Uingereza, aliandikwa kuwa mtu aliyejiajiri, akikatwa asilimia 20 ya malipo kwa ajili ya kodi. Lakini saa ya kufika aliipanga msimamizi, mahali pa kazi alipapanga msimamizi, na bei ilikuwa ya msimamizi. Kitanda nacho kilikuwa cha msimamizi: alipanga nyumba, akaweka wanaume wanne kila chumba, na kodi akaikata kwenye malipo ya wiki. Ndugu zangu, shikeni jambo hili kuliko yote nitakayosema kuhusu sheria. Kazi na kitanda vilitoka mkono mmoja.

Sheria nazo zilikuwa zimesukwa kiasi kwamba kamba ikikatika upande mmoja, yote inafumuka. Hadi mwaka 2011, mwajiriwa kutoka nchi nane za Ulaya ya Mashariki alitakiwa ajiandikishe, alipe ada, na afanye kazi miezi 12 bila pengo la zaidi ya siku 30, ndipo apate haki ya misaada ya serikali sawa na wafanyakazi wengine. Mwaka 2014 masharti yalikazwa tena. Mwezi Aprili watafuta kazi kutoka nchi za Umoja waliondolewa haki ya msaada wa kodi ya nyumba. Na ni mwaka huohuo, mwezi mmoja kabla, Fundi alipoanguka kutoka kwenye jukwaa akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Hospitali ilimfunga mkono bila kumdai hata senti, na hadi leo anaisifu. Malipo ya ugonjwa hayakuwapo, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa wa mtu. Baada ya siku nane kitanda chake kilipewa mwanamume mwingine mwenye mikono miwili mizima. Fundi alilala wiki kadhaa sakafuni kwa mwenzake. Kisha akawa analala ndani ya basi namba 25, lililokuwa likisafiri usiku kucha kati ya katikati ya mji na Ilford, akishuka mwisho wa njia na kupanda tena. Kisha nauli ikaisha. Katika mwaka ulioishia Machi 2016, mashirika yanayowahudumia watu wa London wanaolala nje yaliwaandika zaidi ya watu 8,000, na chini ya nusu yao walikuwa raia wa Uingereza.

Usiku mmoja Fundi alinipigia hesabu ya flati alizozipiga lipu tangu alipofika. Alipopita mia nne aliacha kuhesabu. Usiku huu tunapozungumza, wako watu London waliolala ndani ya kuta alizozinyoosha yeye.

Sahani, ukuta, na hasira

Alhamisi ya nne nilimpa kitambaa cha sahani. Sikuwa na falsafa yoyote. Tulikuwa wachache jikoni. Alikataa kukausha, akataka kuosha, na akaosha kama mtu anayepiga lipu, kutoka juu kushuka chini, bila kuacha kona. Nikamwambia kwetu mtu wa namna yako anaitwa fundi, na neno hilo hutangulia jina lake, Fundi Juma, Fundi Elia, hata watoto wanamwita hivyo barabarani. Alilirudia mara tatu. Tangu usiku ule hakuitika jina lingine kwangu.

Katika mazungumzo ya sahani nilimtajia ukuta wa chumba changu, uliokuwa unavuta unyevu na kumomonyoka nyuma ya kitanda. Akaniuliza kama nataka auone. Nilinyamaza, na ukimya ule ninaukiri mbele yenu. Tulikuwa na sharti la kutowapa wageni anwani zetu, sharti lenye sababu zake, na sishauri mtu alivunje bila kufikiri. Lakini kilichonifunga mdomo hakikuwa sharti. Niliogopa. Nilikuwa tayari kumtandikia godoro katika nyumba ya Mungu, na sikuwa tayari aone ninapolala mimi.

Alikuja Jumamosi. Mwiko wake alikuwa amekaa nao muda wote ule wa basi na barabara, umeviringishwa kitambaa ndani ya mkoba. Simu alikuwa ameiuza. Mwiko hakuuuza. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akahama nusu hatua, akagonga tena. Penye lipu nzima sauti ni fupi, penye lipu iliyoachana na tofali sauti ni tupu. Alizungushia penseli mahali patupu, akabandua yote ndani ya mstari, hata palipoonekana pazima kwa macho. Alifanya siku mbili, akipumzisha mkono kila mara. Nilipomnyooshea pauni sitini alizirudisha kwenye kiganja changu akakifunga kwa mkono wake. Akasema, "Ukinilipa, tumemalizana."

Sijawahi kusikia maelezo bora ya urafiki. Malipo hufunga hesabu. Urafiki ni hesabu ambayo pande zote mbili zimekubali isifungwe. Nilimpikia ugali kwa maharage, unga nilionunua kwenye duka la Waafrika, akaongeza mara mbili. Kisha akaniomba kitu kimoja: barua zake zije kwenye anwani yangu. Wakati ule katika nchi ile, bila anwani ilikuwa vigumu kupata akaunti ya benki, na mwajiri alikupita. Fundi wa ujenzi anahitaji kadi ya usalama kazini ndipo apite geti la eneo kubwa la ujenzi, na kadi hiyo huja kwa posta. Nikakubali. Mlango wangu ukawa na majina mawili.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi Januari alipata miadi katika ofisi moja kuhusu haki zake za malipo, na nikaahidi kufuatana naye nimsaidie kujaza fomu, Alhamisi saa tatu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikesha nikimalizia kazi ya chuo, nikazima simu, nikalala. Fundi alinisubiri nje kwenye mvua kwa saa tatu nzima. Zamu yake ikapita, na miadi mingine ikawa ya wiki tano mbele.

Jioni nilisimama na birika langu. Alifika mbele yangu, hakunyoosha kikombe. Akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia: "Ulisema utakuja." Nikajieleza. Akarudia: "Ulisema utakuja." Akaenda kukaa bila chai. Yule mama wa kanisa aliona haya kwa niaba yetu sote, na wapo waliosema kwamba mtu anayesaidiwa hapaswi kuongea hivyo.

Karibu usiku wa manane nilikuwa jikoni kwenye zamu ya kukesha. Fundi akaingia, akavuta kiti. Nilitangulia kuomba msamaha, akaniashiria ninyamaze. Maneno yake nayakumbuka yote: "Mwaka mzima nimesema asante. Asante kwa supu, asante kwa soksi, asante kwa godoro. Hata nikipewa kiatu cha mguu mmoja, nasema asante. Leo nimekasirika, na sikufukuzwa. Sasa nipe hiyo chai."

Hapo ndipo nilipolielewa tabasamu langu la usiku wa kwanza. Lilikuwa linadai. Nilimpa kikombe na papo hapo nikasubiri asante yangu, na mtu asiye na chochote kingine alinilipa kwa hiyo, kila juma. Waungwana wa lugha yetu wamesema ahadi ni deni. Ni mara ngapi tumefikiri kwamba deni hilo linahitaji kuwepo kwa mdai? Mtu ambaye hakuna anayemwia deni lolote hawezi kudai, na asiyeweza kudai hana ruhusa ya kununa, kukataa, wala kuchelewa. Hulipa heshima yake kidogo kidogo mpaka iishe. Siku Fundi aliponidai mbele ya watu ndiyo siku aliyorudi kuwa mtu mzima miongoni mwa watu wazima, na ndiyo siku nilipoacha kuwa mfadhili wake nikawa rafiki yake.

Turudi kwenye methali. Soko la kazi la London lilimpa Fundi jembe bila siku mbili za mgeni. Ukumbi wetu, kwa wema wote, ulimpa siku za mgeni zisizokwisha, bila jembe. Kila mmoja alishika nusu ya methali. Wahenga walizifunga nusu hizo pamoja kwa makusudi. Siku mbili ni deni la mwenyeji: kula, lala, hatukuulizi kitu. Ya tatu ni heshima ya mgeni: sasa mikono yako ina thamani kwetu, shamba ni hili, jembe ni letu, jioni tunarudi pamoja nyumbani. Anayepewa jembe la mwenyeji hafukuzwi. Anaingizwa.

Tengeru

Februari Fundi aliniuliza natoka wapi hasa. Nikamwambia karibu na Arusha, chini ya mlima Meru, na kwamba kwetu kuna makaburi ya Wapolandi. Alidhani Kiingereza changu kimeteleza. Nikarudia.

Ninyi mnaijua Tengeru kwa soko na kwa vyuo. Wazee humu wanaijua kwa jambo lingine. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland, ikawatupa Siberia na Asia ya Kati. Baada ya Ujerumani kuuvamia Umoja wa Kisovieti, milango ilifunguliwa kidogo, na mwaka 1942 makumi ya maelfu walitoka kupitia Iran. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake, watoto, yatima na wazee walitafutiwa pa kukaa, na maelfu yao wakavuka bahari hadi Afrika Mashariki. Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Tanganyika kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, watu wapatao 5,000, katika nyumba ndogo za mviringo zilizoezekwa. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na shamba.

Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo, akipeleka ndizi na maziwa kuuza. Alizoea kuwaona wazungu wanaoagiza. Hawa waliinama wenyewe shambani, wakafua wenyewe, wakabeba maji. Alikuwa akisema, "Wale walikuwa wazungu wanaoijua njaa." Hakusema zaidi, na kwa bibi yangu ilikuwa sifa kubwa.

Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na pa kurudi. Sehemu ya mashariki ya nchi yao ilikuwa imemezwa na Umoja wa Kisovieti. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1947 ya kuwapokea Wapolandi waliopigana upande wake pamoja na familia zao, zaidi ya watu laki moja, ikawapa makambi ya kuanzia, shule na njia ya kupata kazi. Baadhi ya watu wa Tengeru walikwenda huko. Wengine Kanada, wengine Australia. Waliobaki ni wa makaburini.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nausifu ukoloni. Serikali ileile iliyowapatia wageni hawa nafasi chini ya Meru iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi iwe ya walowezi, nyumba zikachomwa, na mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda New York mwaka 1952 kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Ziwekeni tarehe hizi tatu mstari mmoja. Kuanzia mwaka 1942, katikati ya vita na uhaba, watu wapatao 5,000 walipatiwa vitanda. Mwaka 1951, wakati wa amani, wenyeji walinyang'anywa vyao. Mwaka 2014, katika mji uliojaa winchi za ujenzi, fundi lipu hakuwa na kimoja. Kinachomnyima mtu kitanda mara nyingi si uhaba. Ni uamuzi, na uamuzi una wenyewe.

Fundi alisikiliza yote. Shuleni kwao, wakati wa utawala wa Kikomunisti, habari za waliopelekwa Siberia hazikufundishwa. Alizisikia kwa minong'ono ya wakubwa, na za Afrika hakuzisikia kabisa. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza swali moja: "Hayo makaburi, nani anayatunza?"

Sikujua. Nimezaliwa mwendo wa miguu kutoka pale, nikapita mara mia, na sikuwahi kuingia.

Hapa kwetu

Ni rahisi kuisema London tukiwa Arusha. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wazururaji, wakati miji ilipojaa askari walioachishwa baada ya vita na Napoleon, na watu waliohama kutafuta kazi. Kulala nje kukawa kosa. Maneno ya sheria ile yalisafiri na wakoloni, yakaingia katika Kanuni za Adhabu za makoloni mengi, yetu ikiwemo, na tulipopata uhuru tuliyaacha yalivyo. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, tuliwakusanya vijana mitaani Dar es Salaam, tukawapakia kuwapeleka vijijini wakalime. Jembe tuliwapa, naam, lakini kama adhabu, na hakuna aliyewauliza walilala wapi.

Hata hivyo nasema kwa fahari kwamba ni katika mji huu, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotoa maoni yake kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mtu asiadhibiwe kwa kuwa hana pa kukaa. Maoni hayo yalitolewa hapa, kilomita chache kutoka kiti mlichokalia. Mangapi tumeyabeba hadi nyumbani kwetu?

Maana Fundi yupo hapa. Ni kijana wa mizigo anayelala juu ya magunia aliyoyashusha mwenyewe. Ni mlinzi ambaye kibanda cha lindo ndicho nyumba yake. Zaidi ya wote ni dada wa kazi. Ametoka Singida au Kigoma, amepewa kazi na kitanda kwa mkono mmoja, na siku sahani ya kioo inapovunjika na maneno yakapanda, anapoteza vyote viwili usiku huohuo, stendi ikiwa ndiyo pa kukimbilia. Tunalia, kwa haki kabisa, juu ya mabinti zetu walioko Ghuba, ambako kibali cha kuishi, kazi na kitanda mara nyingi viko mikononi mwa mwajiri mmoja. Tunawahurumia vijana wetu waliotafuta meli wakaishia kulala chini ya madaraja ya Cape Town. Huruma hiyo na ianzie jikoni kwetu.

Nina maombi mawili, na yote yako ndani ya uwezo wa kila mtu hapa.

La kwanza: tutenganishe kitanda na jembe. Mkataba wa anayelala kazini kwako useme wazi kwamba kazi ikiisha, kitanda hakiishi usiku uleule. Kwamba atakuwa na siku za kujipanga, na nauli mkononi. Siku mbili za wahenga ziwe za kuanzia tu.

La pili: unapomsaidia mtu, mwachie nafasi akusaidie. Mruhusu aoshe sahani. Muulize anajua kufanya nini, na ukiwa na ukuta unaomomonyoka, mwonyeshe. Mpe ahadi, uitimize, na ukishindwa mwache akukasirikie. Hatuwezi kuwa marafiki wa kila anayelala nje, na urafiki hauchukui nafasi ya sheria nzuri. Lakini mimi nilizisoma sheria zote nilizowatajia kwa sababu kwanza nilikuwa na rafiki aliyeangushwa nazo. Kabla yake zilikuwa karatasi.

Deni langu

Kumbi zilifungwa Machi 2015. Fundi alikwishapata kadi yake, ikaja kwa posta mlangoni kwangu, na mkono ukapona kiasi cha kushika mwiko nusu siku, kisha siku nzima. Alipanga chumba na wenzake wawili, na safari hii kodi wanailipa wenyewe kwa mwenye nyumba. Mkono huo humuuma kila baridi inapokaza. Bado anapiga lipu.

Niliporejea nyumbani mwaka 2016 nilikwenda Tengeru siku ya tatu. Niliingia makaburini, nikakuta mtu wa hapahapa Meru akiyatunza, amefagia, anayajua majina ambayo mimi siwezi kuyatamka. Nikapiga picha, nikamjibu rafiki yangu swali lake.

Mwaka huu baada ya masika nilikwenda tena, nikampelekea picha nyingine. Hakuandika juu ya huzuni wala historia. Aliandika: kaburi la kushoto lina ufa pembeni; usipake saruji juu yake; gonga kwanza, sikiliza, bandua vyote vilivyo tupu, lowesha maji, ndipo ujaze. Nilikwenda na fundi kijana wa Usa River, nikamsomea maagizo hayo neno kwa neno, akayafuata. Sasa rafiki yangu anadai picha ya mahali pale palipokauka, na ameshaniuliza mara mbili.

Nitakwenda kesho asubuhi kuipiga. Anayependa tufuatane, tukutane Tengeru sokoni saa tatu. Safari hii simu sitaizima.